Mstari wa Msisi Mpya

Foibe Chilongani aliusikia mstari kabla hajauona. Mamia ya nyayo zilikanyaga lami kwa pamoja, bila neno, bila kikohozi, bila mtu kumwuliza mwenzake habari za nyumbani. Alimalizia chai yake, akakaza kilemba, akaenda kusimama kwenye lango lake.

Watu wa Msisi Mpya waliingia mjini Dodoma wawili wawili. Macho yao yalikuwa wazi, mikono imelegea, vumbi jekundu limewapanda hadi magotini. Kisogoni kwa kila mmoja, chini kidogo ya nywele, kulikuwa na kidude cha kijivu kilichoshikamana na ngozi, na juu yake taa ndogo ya kijani iliyowaka na kuzimika kufuata hatua. Walikuwa wamelala. Walilala tangu alfajiri, walipoondoka kule kwao nyuma ya vilima, na miguu yao ilikuwa imewaleta yenyewe.

Kazi ya Foibe ilikuwa kuwaamsha. Alimshika mtu bega, akachomeka ufunguo wake kwenye kidude, akangoja taa igeuke ya njano, kisha akamwita kwa jina. Ilibidi iwe sauti ya mtu. Hapo mwanzo Shirika la Mwendo lilijaribu kengele, watu wakawa wanaamka wakitapika, wengine wakirusha ngumi. Ndipo wakaajiriwa waamshaji, tena waliotakiwa ni wenyeji, wanaowajua watu wao.

"Maiko Ndahani."

Maiko alipepesa macho, akajipangusa mdomo. "Tumefika?"

"Mmefika. Maji yako pale."

Karibu wote waliuliza hivyo hivyo. Kwao safari ilikuwa kufumba macho na kufumbua. Walisimama kwenye kiwanja cha mabasi cha zamani huko Msisi, wakahesabu pumzi chache, wakajikuta mjini, miguu ikiwauma kidogo. Zile saa za katikati hawakuwahi kuziona.

Foibe alimwacha mume wake awe wa mwisho, kama kawaida. Yaredi alikuwa fundi wa kufyatua matofali upande wa pili wa soko, na kila siku, kabla hajaenda kazini, walisimama pamoja kidogo wakanywa chai kwenye kikombe kimoja. Alimshika bega. Alichomeka ufunguo, taa ikawa ya njano.

"Yaredi."

Yaredi alikuwa anatazama mahali fulani nyuma ya sikio la Foibe.

"Baba Nyemo. Tumefika, amka."

Hakuitika. Alikuwa anapumua vizuri. Shavuni alikuwa na chembe ya mchanga, na Foibe alimfuta kwa kidole gumba. Alimwita kwa jina lake la utotoni, lile alilopewa na bibi yake, ambalo hata wadogo zake hawakulijua. Alimtikisa. Alimwinamia, akamwitia sikioni, halafu akapiga ukelele, na watu waliokuwa wananawa miguu bombani wakageuka kutazama.

Taa ilirudi kuwa ya kijani. Miguu ya Yaredi ilianza kukanyaga papo hapo, taratibu, ikingoja njia.

*

Nyuma ya kituo cha waamshaji kulikuwa na chumba ambacho Foibe aliambiwa siku zote kuwa ni stoo. Daktari wa Shirika, mwanamke wa makamo aitwaye Sekela, alimwongoza Yaredi hadi ndani, naye Foibe akafuata bila kuitwa.

Haikuwa stoo. Kulikuwa na mabenchi, na kwenye mabenchi watu walikuwa wamekaa, macho wazi, mikono mapajani. Foibe alimtambua Mwalimu Sogoti, aliyemfundisha binti yake darasa la nne, ambaye watu walisema kahamishiwa Singida. Alimtambua Ezra, kijana wa jirani yake, ambaye mama yake alikuwa akisema siku hizi amekuwa mkimya kwa sababu ya uchovu. Hakuna hata mmoja wao aliyepitia lango lake.

"Wako hivi tangu lini?"

"Wengine tangu mwaka jana," alisema Sekela. "Kaa, dada Foibe."

"Sikai. Muamshe mume wangu."

Sekela alimkalisha Yaredi mwishoni mwa benchi, akamwekea kitambaa begani ili asiegemee ukuta wa baridi. Alifanya hivyo kwa upole, na upole ule ndio uliomwogopesha Foibe.

"Kidude hakimlazi mtu kama anavyolala kitandani," alisema daktari. "Kinakata mawasiliano kati ya akili na mwili, halafu kinaushika mwili chenyewe. Asubuhi kinaachia na mawasiliano yanajiunga tena. Kwa watu wengi yanajiunga kila siku. Lakini kila safari mtu anashuka chini kidogo zaidi. Hatukulijua hilo wakati tunaanza. Baada ya miaka kadhaa, wapo ambao hawapandi tena."

"Basi kitoeni."

"Kikitoka hakuna kitakachomshika. Hata pumzi yake sasa inasubiri amri kutoka pale. Kikizimwa, hatamaliza saa." Sekela alikiweka sawa kile kitambaa. "Na kidude chenyewe kinapata nguvu kutokana na hatua zake. Asipotembezwa siku tatu nne, kitaishiwa nguvu. Kwa hiyo aje asubuhi, akae hapa, arudi jioni. Njia ndiyo inayomweka hai."

"Anasikia?"

"Sijui. Nikikwambia anasikia nitakuwa nakufariji, nikikwambia hasikii nitakuwa nabahatisha."

Foibe alitazama yale mabenchi. "Familia zao zinajua?"

"Kila familia inajua ya kwake. Tunawaambia wanyamaze, na wananyamaza." Daktari aliingiza mikono mifukoni. "Jambo hili likitoka nje, Serikali itafunga mstari siku hiyo hiyo. Mstari ukifungwa, hawa wote watakaa chini na hawatainuka. Sikutishi, dada. Nakwambia kitakachotokea. Ndicho kinachoninyamazisha na mimi."

*

Msisi Mpya ilijengwa kwa ahadi ya barabara. Jiji lilipotanuka, watu waliohamishwa kutoka katikati ya mji walipewa viwanja huko mbali, nyuma ya vilima, wakaambiwa usafiri utafuata. Ukafuata kweli, kwa muda. Kulikuwa na mabasi yaliyojaa asubuhi na kurudi jioni. Kisha Shirika la Mwendo lilikuja na vidude vyake, na mtu ambaye nusu ya mshahara wake ilikuwa inaishia kwenye nauli akaona anaweza kufika bure, tena bila kuhisi. Mabasi yalikosa abiria. Lilipoondoka la mwisho hakuna aliyelisindikiza. Reli ya treni ya mwendo kasi ilipita juu ya mji ule kwa nguzo ndefu za zege, na treni haikuwahi kusimama hapo hata mara moja.

Jioni ile mstari ulirudi, wengine wakaamshwa kiwanjani na waamshaji wa jioni; Yaredi aliingia uani bado amelala, akasimama. Foibe alimkalisha kwenye kigoda. Nyemo, binti yao wa pekee, alitoka jikoni na sahani ya ugali na mlenda, akamkuta mama yake amepiga magoti anamfungua baba viatu.

"Baba, shikamoo."

Foibe alimweleza yote. Nyemo alisikiliza huku ameshika sahani, kisha akakaa chini mbele ya baba yake, akafinyanga tonge dogo, akaligusisha kwenye midomo yake. Midomo ilifunguka. Alitafuna, akameza.

"Si unaona?" alisema Nyemo. "Anakula."

"Anakula kwa sababu kidude kinamwambia ameze."

"Ataamka."

"Daktari anasema..."

"Daktari hamjui baba."

Foibe alivua soksi. Kucha mbili za mguu wa kulia zilikuwa zimeng'oka, na chini ya kisigino kulikuwa na kidonda kilichokwisha kugeuka rangi. Mtu aliye macho angekwisha kuanza kuchechemea siku nyingi. Alileta maji ya chumvi, wakamwosha.

Baadaye, Yaredi akiwa amelazwa ndani na macho yake yamefumbwa kwa vidole, Foibe alisema kile alichokuwa amekibeba tangu asubuhi.

"Jumanne usiende kuwekewa."

Nyemo alikuwa amepata kazi kwenye maabara ya hospitali mjini, ya kupima damu, kazi aliyoisomea na kuisubiri. Nafasi yake ya kuwekewa kidude ilikuwa Jumanne.

"Na kazini nitafikaje?"

"Tutatafuta njia."

"Njia ipi, mama? Nitajie moja tu." Hakuwa amepandisha sauti. "Basi hakuna. Treni inapita juu ya vichwa vyetu. Bodaboda haziruhusiwi barabara kuu, na hata zingeruhusiwa, mshahara wote ungekuwa wa bodaboda. Nikapange chumba mjini kwa hela gani? Kwa baiskeli, kwa vilima vile, nifike nimeshachoka, nishike sindano?"

Alichopata Foibe ni ahadi kwamba Nyemo angesogeza mbele ile Jumanne, kidogo tu, mpaka hali ya baba ieleweke.

*

Kwa majuma kadhaa Foibe aliendelea kusimama langoni. Gari la wafanyakazi wa Shirika lilimchukua kabla ya mstari, naye akawangoja wenzake wa Msisi, akawaita mmoja mmoja. Kwa kila aliyefumbua macho, Foibe alimshukuru Mungu kimoyomoyo, kisha akaona aibu, maana alijua jioni mtu yuleyule atalala tena, na kesho tena, na yeye hatasema neno. Yaredi alipofika alimshika mkono, akampeleka mwenyewe kwenye chumba cha mabenchi.

Asubuhi moja Maiko Ndahani alikawia. Foibe alimwita mara nyingi, akamtikisa, akamwita tena, mpaka jasho likamtoka mgongoni. Mwishowe Maiko alivuta pumzi kama mtu aliyetoka kisimani.

"Leo nilikuwa mbali, shemeji," alisema, akacheka. "Mbali kweli kweli. Tumefika?"

Foibe alimwonyesha bomba kwa kidole. Maiko alikuwa na watoto wadogo, na mke wake alikuwa kwenye mstari huohuo, safu chache nyuma yake.

Jumamosi iliyofuata Foibe aliomba ruhusa ya kutokwenda kazini, naye akamzuia Yaredi nyumbani. Alitaka kukaa naye siku moja tu, afikiri. Alfajiri, honi ya kiwanja cha mabasi ilipolia, Yaredi aliketi kitandani, akasimama, akaenda mlangoni. Mlango ulikuwa umefungwa. Hakusimama. Alitembea pale pale, kifua chake kikigonga mbao, nyayo zikikwangua sakafu, hatua kwa hatua, kama mtu anayepanda mlima usioisha. Foibe alimkumbatia kwa nyuma akajaribu kumrudisha, lakini mwili ule ulikuwa na nguvu asizokuwa nazo Yaredi hata enzi za ujana wake. Paji la uso lilianza kuchubuka.

Nyemo alitoka chumbani mbio. "Mama, mfungulie!"

"Subiri."

"Anajiumiza! Mfungulie aende!"

Ni Nyemo aliyevuta komeo. Yaredi alitoka bila kutazama kushoto wala kulia, akaenda kujiunga na wenzake, damu ikimshuka kwenye nyusi, na mstari ukamfungulia nafasi.

Foibe alibaki ameshika fremu ya mlango. Alikuwa amejiambia kwa siku zote zile kwamba ananyamaza kwa ajili ya mume wake, kwamba yuko mtu wa kulindwa. Sasa alikuwa amemkumbatia, kifua chake kwenye mgongo ule, na hakumkuta mtu. Na kwa ajili ya mgongo ule alikuwa anawaacha Maiko na mke wake, na watu wote wa Msisi, na mwanawe mwenyewe, waelekee hukohuko. Aliamua kusema. Lakini akisema, mstari utafungwa, na Yaredi ataishia popote atakapokutwa, barabarani pengine, au kwenye benchi la watu wa Shirika. Hilo hakulikubali. Kama ni lazima iwe, iwe nyumbani, mikononi mwake.

Jumapili mstari haukutembea. Nyemo alikwenda kanisani na kwaya. Foibe alimtoa Yaredi uani, akamkalisha penye jua, akamnyoa ndevu, akampaka mafuta mikononi na kwenye vile vidonda. Alimvalisha shati jeupe. Kisha alikaa chini mbele yake akamweleza, kama vile alivyomweleza mambo yote ya nyumba ile tangu walipooana.

"Sijui kama unanisikia. Kama unanisikia, nisamehe. Nimekaa na jambo hili mpaka limenishinda. Nikinyamaza, watu wanakwisha, na Nyemo naye. Nikisema, watakuacha uanguke huko. Ungekuwa wewe ungefanyaje, baba Nyemo?"

Alisubiri. Kuku walikuwa wanakwaruza chini ya kamba ya nguo. Alisubiri muda mrefu kuliko ilivyokuwa na maana kusubiri, kwa sababu kwa miaka yote alikuwa mwamshaji, na mkono wake haukujua kuuchukua ufunguo bila kutumaini.

Alichomeka, akageuza upande wa kuzima, ambao hakuwahi kuugeuza. Taa ikawa ya njano. Akamwita. Ikawa nyekundu. Akamwita tena, kwa lile jina alilopewa na bibi yake. Taa ikazimika. Yaredi alimwegemea begani kwa uzito wake wote, akashusha pumzi, na ile pumzi haikufuatwa na nyingine kwa muda, kisha ikaja ndogo, kisha haikuja.

Nyemo aliwakuta hivyo. Alisimama kwenye mlango wa ua, joho la kwaya likiwa limekunjwa mkononi.

"Umemfanya nini?"

"Nimemwachia apumzike."

"Hukuniuliza."

"Ungekataa, mwanangu."

"Ndiyo. Ningekataa." Nyemo aliweka joho chini, kwenye vumbi, kana kwamba hakujua limo mkononi. "Sasa mtu anauliza kwa sababu gani, kama si ili aambiwe hapana?"

*

Walimzika Yaredi Jumatatu mchana, na waliokwenda makaburini walikuwa wachache, wale wazee na wagonjwa ambao hawakuwa kwenye mstari. Wengine walikuja jioni, vumbi likiwa bado miguuni, wakakaa kwenye mikeka uani. Foibe aliona kuwa wamefika karibu wote. Alisimama.

Aliwaambia yote. Aliwaambia kuhusu chumba cha mabenchi, na namna mtu anavyoshuka kidogo kidogo kila safari, na kwamba yeye alijua kwa majuma mengi huku akiwaita kwa majina. Aliwaambia alichomfanyia mume wake na kwa nini.

"Msipande tena kwenye mstari. Hilo tu ndilo ninalowaomba. Nimempoteza Yaredi ili niweze kusimama hapa kuwaambia."

Mtoto alilia akabembelezwa. Kisha Mama Ezra, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, aliinuka kwa shida kutoka kwenye mkeka wa wanawake.

"Mama Nyemo, pole," alisema. "Pole sana. Mimi nilikuwa najua. Ezra wangu yuko hivyo tangu masika. Nilidhani ni mimi peke yangu." Wanawake wawili watatu waliokaa karibu yake waliinamisha vichwa, na Foibe akaelewa ni milango mingapi ya Msisi ilikuwa imefunga jambo lile lile. "Lakini Ezra anarudi jioni. Namlisha. Namwimbia. Wewe umechagua kwa ajili ya mume wako, sikuhukumu. Usinichagulie mwanangu. Usije ukaufunga huo mstari ukaniua mtoto."

"Mama Ezra, mimi sina nia ya..."

"Na hao wengine," Mama Ezra aliendelea, akizungusha mkono kuwaonyesha watu wote, "unawaambia wasiende. Tumekusikia. Sasa tuambie na sisi: kesho twende na nini?"

Watu walimtazama Foibe. Hawakumtazama kwa hasira. Walimtazama kwa kusubiri, kama wanafunzi wanaomsubiri mwalimu aandike jibu ubaoni. Maiko Ndahani alikuwa amekaa mbele na mke wake, mtoto mdogo amelala mapajani pake. Foibe alifungua mdomo. Alifikiria mabasi yaliyoondoka. Alitazama juu, na treni ya jioni ilikuwa inapita juu ya nguzo zake, madirisha yake yote yakiwaka taa.

"Sijui," alisema.

Watu walianza kuinuka mmoja mmoja, wakampa mkono, wakasema pole, wakaenda kulala mapema, maana kesho ilikuwa siku ya kazi.

Kesho yake mstari ulikuwa mfupi kidogo. Kufikia mwisho wa juma ulikuwa umerudia urefu wake. Maafisa wa Serikali walikuja kwa gari, wakamsikiliza Foibe kwa heshima, wakaonyeshwa chumba cha mabenchi. Walisikitika sana. Wakasema mstari hauwezi kufungwa mpaka upatikane usafiri mbadala, na usafiri mbadala unahitaji upembuzi yakinifu. Pazia lililofunika mlango wa chumba cha mabenchi liliondolewa, ili mambo yawe wazi, na watu wakaambiwa kwamba anayetembezwa anatembezwa kwa hiari yake.

Daktari Sekela alikuwa amekosea. Mstari haukufungwa hata siku moja. Ezra aliendelea kuja asubuhi na kurudi jioni, na Yaredi naye angeendelea.

Foibe alinyang'anywa ufunguo na akafukuzwa kazi. Hilo halikumuuma. Kilichomnyima usingizi ni hicho cha Yaredi.

*

Nyemo hakumwambia alipokwenda kuwekewa. Foibe alikiona kidude asubuhi moja, binti yake alipoinama kufunga kamba za viatu na kola ya gauni jeupe la maabara ikashuka.

Hawakuwa wameongea vizuri tangu mazishi. Walisalimiana, walipakuliana chakula. Foibe alijifunga khanga akamfuata hadi kiwanja cha mabasi, ambako watu walikuwa tayari wamejipanga chini ya bati bovu la kituo cha zamani, wanazungumza kwa sauti ndogo, wanapiga miayo, wanamalizia maandazi.

"Nyemo."

"Nitarudi jioni, mama."

"Baba yako alikuwa anasema hivyohivyo."

Nyemo alimgeukia. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alimtazama mama yake usoni, na hakuwa na hasira tena. Alikuwa amechoka, kabla hata siku haijaanza. "Nimesoma kwa ajili ya kazi hii, mama. Kuna watu wanalala hospitali wanasubiri majibu ya damu yao. Kama hutaki niende hivi, nipe namna nyingine ya kwenda. Nitaifuata leo leo."

Foibe alimshika mkono. Honi ililia. Mkono uliokuwa ndani ya wake ulilegea, vidole vikafunguka kimoja kimoja, na macho ya Nyemo yakabaki yametazama pale pale, penye uso wa mama yake, bila kuuona. Kisha mstari wote ukaondoka kwa mguu wa kulia.

Foibe aliondoka nao. Hakuwa amepanga. Alijikuta tu anatembea pembeni ya mwanawe, kwenye ukingo wa njia, ameinua khanga isimkwaze. Alikuwa na wazo kwamba akimsemesha njia nzima, hatashuka sana. Alimwambia habari za siku aliyozaliwa, mvua iliyonyesha, Yaredi alivyokimbia na mwavuli uliogeuka nje ndani. Alimwambia kwa nini alifanya alichokifanya, akamwambia kwamba hata yeye mwenyewe hajui tena kama alikuwa na haki. Nyemo alitembea. Vumbi lilianza kumpanda kwenye pindo la gauni jeupe.

Ilikuwa mara ya kwanza kwa Foibe kuitembea njia ile kwa miguu yake. Mtaa mzima wa Msisi uliipita kila siku, na hakuna aliyeijua. Nyayo zilikuwa zimeichimba ikawa mfereji, na kandokando ya mfereji kulikuwa na viatu vilivyokatika, sahani za chakula cha mchana, miwani, kiwiliwili cha mwanasesere, vitu vilivyodondoka na wenyewe wasigeuke. Kwenye korongo la kwanza mwanamume mmoja alijikwaa akaanguka. Walio nyuma yake walimkanyaga mkono, wakapita. Aliinuka, uso umejaa mchanga, akaendelea na safari bila kujipangusa.

Kwenye mteremko Foibe aliweza kwenda nao. Kwenye kilima cha kwanza pumzi ilimpungukia, akaacha kusema ili aokoe hewa. Treni ya asubuhi ilipita juu yao kwa mvumo, kivuli chake kikafagia vichwa vyao vyote mara moja kikaondoka. Kwenye kilima cha pili kamba ya kandambili yake ilikatika. Aliivua akatembea peku, lakini kokoto zilikuwa na makali na jua lilikuwa limeshaanza kuiva, na alihisi kila kitu.

Wao hawakuhisi. Hawakupunguza mwendo kwenye mlima wala kuongeza kwenye tambarare. Aliachwa hatua moja, akaikimbiza. Aliachwa tatu. Alimwona Nyemo mbele kidogo, kisha alimwona katikati ya wengine, akapaza sauti kumwita, na waamshaji wote wa mjini wasingeweza kuita kwa nguvu kama ile. Hakuna aliyegeuka. Alikimbia mpaka mbavu zikamchoma, akasimama ameshika magoti, akakimbia tena.

Alipofika juu ya kilima, mstari ulikuwa umeshashuka upande wa pili na kunyooka kuelekea mjini. Migongo ilikuwa imekuwa midogo, yote imeshika rangi moja ya vumbi, hata ile iliyotoka nyumbani ikiwa myeupe. Foibe aliweka kiganja juu ya macho akaitazama mmoja mmoja, kutoka mwisho kwenda mbele, akimtafuta mwanawe, na hakujua yupi ni yupi.